Mkoba wa Baba Yako Usiupake Mafuta

Mwanangu Agatha,

Salamu sikupi, maana nakusikia. Uko nyuma ya ukuta huu wa matete, unafunga mzigo wako na kuufungua na kuufunga tena, kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Ningeweza kukuita, nawe ungeitika "Abee, mama," kwa ile sauti ya adabu unayoitumia tangu mavuno, sauti isiyo na kitu ndani. Ndiyo sababu nakuandikia. Karatasi haikunji uso.

Mambo ya njiani sitayaandika. Wenzako wa msafara watakuonyesha maji ya kunywa na mahali pa kulala, na masista huko pwani watakufundisha kuuguza wagonjwa na kuamka mapema. Mimi nililelewa nao, nawajua, hawaachi neno likapita bila kulisema. Nataka kukuandikia juu ya mkoba.

Jana mchana uliutoa kigingini, ukaenda nao hadi barazani kwa Severini, ukauweka juu ya meza yake ya kazi katikati ya mikanda ya watu, kama mteja aliyetoka mbali. Ukamwambia, "Fundi, huu ubaki. Uuze, au ukate viraka."

Severini, mume wangu, akacheka kidogo. Unamjua, hucheka hata sindano ikimchoma. Akasema, "Mkoba wa marehemu haukatwi viraka, binti. Nimeushonea ukanda mpya uuvae wewe, mpaka pwani."

"Baba hayumo tena humo," ukasema. "Mmempangusa."

Ukanitazama mimi niliyekuwa napepeta mtama mlangoni. Yeye hukumtazama. Hukuwa na hasira, mwanangu. Ungekuwa na hasira ningejua la kufanya. Ulisema kama mtu anayeleta habari za msiba, kisha ukaenda kisimani.

Tangu hapo neno hilo nalibeba. Sasa nakurudishia, lakini kwanza usikie yote.

*

Baba unayemkumbuka ni yule aliyesimuliwa na Bibi yako: mrefu, mkali, mtoto wa watu wa mikuki. Mimi nilimjua mwingine. Nilikuja huku bara na masista, msichana niliyekombolewa utumwani nikasomeshwa hadi darasa la juu kabisa walilokuwa nalo, nikaletwa nifundishe wasichana wa Kingoni kusoma. Baba yako alikuwa tarishi. Alibeba barua za boma na za misheni kwenda pwani na kurudi, ndani ya mkoba huo huo, ngozi nene ya kahawia yenye bizimu mbili za shaba za kufungia kanda zake. Ulimi wa bizimu ya kushoto ulikuwa umepinda. Haukufunga vizuri, naye hakujali kuunyoosha, kwa hiyo ukanda ulining'inia na shaba ikagonga shaba kila alipopiga hatua. Ting', ting', ting'. Alipokuwa akiteremka mlima upande wa Mfaranyaki sisi darasani tulianza kumsikia kabla hatujamwona. Wasichana walinicheka. "Mwalimu, kengele inakuja!" Na mimi nilikuwa nimeshasahau herufi niliyokuwa naandika ubaoni.

Duniani hapakuwa na mtu wa kuniandikia barua. Kila alipokuja aligawa za mapadre, za masista, za mabwana, na mimi nikasimama pale pale kana kwamba kuna yangu. Siku moja alipomaliza kugawa akaingiza mkono tena mkobani, akanipa bahasha. Nikaigeuza. Tupu, haina hata jina.

"Hii ya nani?" nikamwuliza.

"Yako."

"Mbona haina kitu?"

"Mimi sijui kuandika, mwalimu. Lakini nimeibeba kutoka pwani. Nimelala nayo porini, nimevuka nayo mito. Hukuwa unapata barua, nikaona nikuletee hata bahasha."

Agatha, niambie, ningefanyaje? Nilikuwa nimesoma vitabu vyote vilivyokuwa katika kabati la masista na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimenitayarisha kwa bahasha tupu. Nililia mbele ya darasa zima. Baada ya Pasaka tukafunga ndoa.

*

Sasa nikuambie asubuhi ile. Ulikuwepo, lakini hukuwa hata umeng'oa jino la kwanza.

Vita vilipofika kwetu baba yako alirudi siku moja na mkoba ukiwa mwepesi. Akautundika kigingini. "Leo umepumzika," akasema.

"Na barua za wenyewe?"

"Nimewaachia mezani kwao. Sitaki kesho mtu aseme mwana wa fulani aliondoka na kitu cha watu."

Akaenda na ndugu zake kwenye dawa ya vita. Aliporudi sikumjua. Kichwa chake kilikuwa kimelowa maji, mwili mzima unang'aa mafuta ya nyonyo, na punje za mtama zimemganda kifuani. Alikuwa anacheka. Akaniinamia. "Hebu ninuse. Si nanukia kama bibi harusi?"

Nikamwuliza, "Na risasi?"

"Zitakuwa maji."

"Na zisipokuwa?"

Wewe ulimkumbatia mguu, ukateleza kwa yale mafuta, ukaanguka na makalio, akakuinua juu na kucheka tena. Kisha akaegemea ukuta avae viatu vyake vya njia, na mkono wake wa kushoto ukashika mkoba pale kigingini asianguke. Akavaa, akatoka. Wanaume walikuwa wanamngoja nje kimya. Sikusikia ting', ting', kwa maana mkoba ulibaki. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akienda bila sauti.

Hakurudi. Hakuna aliyesema alimwona akianguka, hakuna aliyesema alimwona akikimbia. Waliopigana walipokuwa wakinyongwa bomani nilikwenda, nikatazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, nikiwa nimekufunga mgongoni, macho nimekufunika kwa kanga. Hakuwamo. Nilirudi nyumbani nikamshukuru Mungu, na nilipomaliza kushukuru nikajiuliza nashukuru nini.

Ndipo nilipouona mkoba. Pale aliposhika palikuwa na alama za vidole vyake, za mafuta, nyeusi juu ya ngozi ya kahawia. Ungeweza kuweka vidole vyako juu yake. Niliweka vyangu. Vilikuwa vidogo, havikujaza.

Kila siku nilizitazama zikififia. Ngozi ilikuwa inayanywa mafuta yake taratibu. Nikaogopa. Nikatafuta mafuta ya nyonyo kwa jirani, yenye harufu ile ile, nikachovya unyoya wa kuku, nikapita juu ya alama, moja moja, ili zikolee. Siku ya kwanza zilikolea. Siku ya pili zilitanuka. Nikaongeza. Mwisho wa mwezi upande wote wa mkoba ulikuwa mweusi, laini, unang'aa, na alama za vidole vya baba yako hazikuwapo tena. Nilizifuta kwa kuzitunza.

Kwa hiyo neno lako la jana, "mmempangusa," ni la kweli, ila umekosea mkono na umekosea mwaka. Aliyempangusa ni mimi, kwa unyoya, kwa mapenzi, wakati Severini hata hajajua kwamba niko duniani.

*

Baada ya hapo ndipo kijani kilipoanza. Bibi yako ndiye aliyekiona. Kati ya shaba na ngozi, chini ya bizimu zote mbili, palitoka kitu laini kama nta ya masikio, cha kijani, kibichi kama majani ya kunde yaliyopondwa. Bibi akakichota kwa ncha ya kidole, akakinusa.

"Mkamwana," akaniita, "njoo uone. Mwanangu analia."

"Ni kutu hiyo, mama," nikasema. Mimi na masomo yangu.

"Kutu ni nyekundu. Tangu lini umeona jembe likaota kutu ya kijani? Mwanangu hajapata pa kulala. Haya ni machozi yake."

Akamwaga unga chini ya kigingi, akaita mahoka, mizimu ya ukoo wake, kwa majina, akalia. Nikalia naye. Nilipochoka kulia nikagundua kwamba nafarijika. Mtu aliyekuwa hana kaburi sasa alikuwa na mahali. Tukaweka ada: kila Jumamosi tunaufuta mkoba, tunampangusa machozi, kisha tunaupaka mafuta ya nyonyo ili apoe. Na kila Jumamosi iliyofuata kijani kilikuwa kimerudi, kingi zaidi.

Na usidhani sikunufaika nacho. Shemeji zangu walipokuja kutaka kunirithi, kama ilivyo desturi, Bibi aliuteremsha mkoba akauweka katikati yao, akainua bizimu. "Mwulizeni mwenyewe," akasema. Wazee waliokuja nao wakaona kijani, wakaondoka bila kumaliza pombe yao. Nilibaki mke wa mtu asiyekuwapo, na wakati ule hicho ndicho nilichokitaka.

Kisha ikaja njaa. Hiyo unaikumbuka, hata kama husemi. Mashamba yalikuwa yamechomwa, tulikimbilia porini tukawa tunachimba ming'oko, viazi vya mwituni. Mkoba tulikwenda nao, ulikuwa umekuwa mto wako wa kulalia. Mafuta hayakuwapo, si ya kula, si ya kupaka. Ngozi ikakauka ikawa kama gome, shaba ikafifia, na chini ya bizimu hapakuota kitu. Nikamwuliza Bibi mbona halii tena. Alikuwa amebaki mifupa, lakini jibu hakulikosa.

"Hata mahoka wana njaa. Amekwenda kutafuta chakula."

Nilimwamini. Nikamngoja arudi.

Tuliporudi kwetu Msamala, nyumba ilikuwa jivu, na juu ya jivu ilikuwa imeota minyonyo, mirefu kuliko mimi. Wewe ndiwe uliyezivunja mbegu za kwanza. Tulichemsha, tukaengua mafuta, na kabla hatujajipaka wenyewe tuliupaka mkoba. Haukupita muda mrefu, Bibi akainua bizimu na kupiga vigelegele. Kijani! Kimerudi! Tulicheza uwanjani sisi watatu, wewe katikati, mkoba kichwani mwako. Watu waliopita njiani walidhani kuna harusi. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile kabla ya mwaka huu.

Na mimi niliyesoma, mwalimu, sikujiuliza kitu. Njaa, hakuna mafuta, hakuna kijani. Shibe, mafuta, kijani. Jambo lilikuwa mbele ya pua yangu, limeandikwa kwa herufi kubwa, na sikutaka kulisoma.

Bibi alipokufa tukabaki wawili na Jumamosi zetu. Wewe ulichukua bizimu ya kushoto, mimi ya kulia. Ulimnong'oneza baba yako mambo yako. Sikusikiliza, nakuapia, ila nilisikia sauti, na nilisikia ukinyamaza mara kwa mara kama mtu anayejibiwa.

*

Sasa Severini. Unisamehe, maana nikianza juu yake sijui kuacha.

Mwanangu, mama yako amekuwa kama mwali. Mimi mwenye mvi! Asubuhi nikisikia nyundo yake ndogo ikigonga ngozi, nasimama na chungu mkononi nasahau nilikuwa naenda wapi. Amenishonea makubazi, na kipimo hakuniuliza; alipima nyayo zangu kwenye tope la kisimani nilipokwisha kupita. Mtu aliyepiga magoti topeni kupima unyayo wangu! Akila anafumba macho. Akiimba kanisani anaikosea sauti, watu wanageuka, naye anazidisha. Namwona amekaa pale barazani, miguu imejaa mabaki ya ngozi, na nasema moyoni, Mungu wangu, hiki nacho ulikuwa umeniwekea, wakati mimi nilikuwa nimeshafunga mlango?

Najua hayo hutaki kuyasikia. Unamwita "fundi" ukijua kwamba neno hilo humchoma. Lakini ngoja.

Mkoba ulimfikia kwa sababu ukanda ulikatika. Alitoka milimani, Umatengo, akawa anatengeneza mikanda ya askari na matandiko ya nyumbu wa boma. Nikaupeleka. Akaupima mkononi, akaubonyeza, mafuta yakatoka kwenye mshono.

"Loo! Mama, huu mkoba unakula kuliko mimi."

"Ni wa marehemu," nikasema kwa ukali.

Akauweka chini mara moja, akajifuta mikono. "Basi pole. Na hiki kijani nacho ni cha marehemu?"

"Nacho."

Akatazama. Akataka kunifurahisha, mjinga yule. Akasema atakiondoa, atanirudishia shaba ing'ae kama siku ilipotoka kiwandani. Akakamulia ndimu. Nilipokwenda siku iliyofuata bizimu ziling'aa hata nikaona uso wangu, umepinda, mdomo mkubwa. Nikakasirika na nikashangaa, yote mara moja. Lakini siku chache baadaye nilimwona akija nyumbani kwetu mwenyewe, kofia mkononi, mkoba kifuani kama amebeba mtoto mgonjwa. Wewe ulikuwa shambani.

"Mama Agatha, nimeharibu."

Ndimu ilikuwa imeichoma ngozi kandokando ya shaba, imekauka, imepasuka kama midomo ya kipupwe. Na kijani kilikuwa kimerudi, cheusi kuliko mwanzo.

"Nimemchubua mumeo," akasema. Alikuwa hatanii. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, fundi mzima wa boma, kwa ajili ya mkoba wa mtu asiyemjua.

Hapo ndipo, Agatha. Ukiniuliza ni saa ngapi nilimpenda, ni hapo. Nilicheka, nikaziba mdomo, nikacheka tena. Tangu vita sikuwa nimecheka mbele ya mwanamume.

Akaomba abaki nao. Akasema ataukata upande ulioungua aunge mpya, na akaniomba nisiupake kitu, kwa kuwa uzi wake wa nta hauishiki ngozi yenye mafuta. Nikakubali. Kila nilipokwenda kuuliza alisema, "Bado. Njoo kesho kutwa." Nikaenda. "Bado, Mama Agatha, njoo Jumatatu." Baadaye aliniungamia kwamba aliumaliza mapema sana, alitaka tu niendelee kuja. Masika yote mkoba ulikaa kwake, mkavu, juu ya meza. Na masika ya Songea unayajua, hata mwiko wa ugali huota ukungu.

Siku moja nikainua bizimu. Nikaona shaba imefifia rangi, basi. Chini yake pakavu. Hakuna hata chembe.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikaiona njaa, nikauona mkoba chini ya kichwa chako porini. Nikaona minyonyo juu ya jivu.

"Ni mafuta," nikasema.

"Mafuta gani?" akauliza Severini.

Nilikwenda nyumbani bila kuaga. Mafuta hukaa katikati ya ngozi na shaba, yakichacha yanaila shaba, na kinachotoka ni kile kijani. Tulikuwa tukifuta machozi halafu tunayamimina upya, kila Jumamosi, kwa mikono yetu wenyewe. Watu hudhani mtu akijua jambo kama hilo anapumua. Mimi usiku ule nilifiwa na mume wangu. Zamani alikuwa amepotea tu, alikuwa kigingini analia. Sasa hakuwa popote.

Sikukuambia. Nilikuacha uone tu kwamba tumeacha kupaka, kwamba kigingi kiko kimya, na kwamba mama anacheka na fundi. Ukaunganisha mwenyewe. Ningekuwa wewe ningeunganisha hivyo hivyo.

*

Na sasa jambo moja ambalo hata padre sijamwambia.

Baada ya harusi, nikiwa na furaha ile niliyokueleza, nilishindwa kupita mbele ya kigingi. Nilikuwa nikipita ubavuubavu, kama mtu anayepita mbele ya mgonjwa aliyelala. Siku moja Severini alipokwenda boma nilichukua unyoya na mafuta ya nyonyo. Nikapaka bizimu ya kushoto tu, ile yako, yenye ulimi uliopinda. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilijua kitakachotoka na kwa nini. Nikangoja.

Kikatoka. Kibichi, laini, kile kile. Na nilifurahi, Agatha! Nilipiga magoti nikafurahi. Nikasema, "Umekuja harusini kwangu." Harufu yake ilikuwa nyumba nzima, harufu ya asubuhi ile, na nikageuka kwa kuwa niliona hakika kuna mtu ameegemea ukuta anavaa viatu.

Najua mafuta hufanya nini kwenye shaba. Anayenituma niyapake simjui.

Severini aliporudi alisimama mlangoni, akanusa. Hakuniuliza. Kesho yake alichukua kijiti cha mwanzi, akaisafisha bizimu ya kulia taratibu, akaipaka nta, akatia kipande cha kitambaa kati yake na ngozi. Ya kushoto hakuigusa. Nikamwuliza mbona.

"Ile si kazi yangu," akasema. "Nisije nikamchubua mara ya pili."

Jana ulipouweka mkoba mezani ukasema tumempangusa, ulitazama bizimu ya kulia, inayong'aa. Hukuinua ya kushoto. Ungeinua, mwanangu. Yumo, au hamna kitu ila mafuta, lakini kile ulichokuwa unakinong'oneza kipo pale pale ulipokiacha.

*

Mkoba nitauweka juu ya mzigo wako ukishalala, pamoja na barua hii. Ndani kuna kijiti cha mwanzi, Severini amekichonga laini kisikwaruze. Usitumie kisu wala mchanga, na ndimu usiisogeze hata ukiambiwa na sista mkuu. Kuna bonge la nta. Ukitaka mkoba uzeeke nawe, kiondoe kijani kwa kijiti, futa kwa kitambaa kikavu, sugua nta kidogo juu ya shaba, utundike mahali penye hewa, na mafuta usiupake. Hata ukiuona mkavu ukauonea huruma, usiupake. Ngozi hiyo imekunywa ya kuitosha miaka mingi. Ni sisi tulioshindwa kuacha.

Na kuna kibuyu kidogo, mdomo wake nimeuziba kwa kitambaa. Ni mafuta ya nyonyo. Nimekuwekea na hayo. Sitakuambia kamwe uyamwage. Itakuja siku huko pwani, utakuwa na jambo la kumwambia, na hakuna mwingine. Utajua la kufanya na bizimu ya kushoto, nawe utajua kwamba ni mafuta, na utafurahi hivyo hivyo. Mkoba utaoza kidogo kila utakapofanya hivyo. Basi uoze kwa jambo lenye maana.

Njia utakayopita kesho ni ile aliyokuwa akipita yeye. Alfajiri sitatoka kukuaga uwanjani. Hutaki kuniona nikilia pembeni ya mtu anayenishika bega, nami sitaki kumwambia aniachie bega. Nitakuwa nimelala macho wazi, na Severini atakuwa amejifanya amelala, hajui kujifanya, hukoroma kupita kiasi.

Nitasikiliza tu. Kama umeamua mkoba ubaki, pita kimya, nitaelewa, na utabaki kigingini ukikungoja. Lakini kama umeuchukua, nakuomba ukanda wa kushoto usiufunge. Uache uning'inie. Ukishapita mgomba wa mwisho na kuanza kupanda Mfaranyaki, nataka niisikie shaba ikigonga shaba, hatua kwa hatua, mpaka mlima uimeze.

Asubuhi ile aliondoka bila sauti. Wewe usiondoke hivyo.

Mama yako